Mstaafu wa biashara ndogo anapowania ubunge wa jimbo Marekani

Na Mwandishi Wetu

KILA baada ya miaka miwili, orodha za wagombea wa mabunge ya majimbo nchini Marekani hujaa watu wanaojitambulisha kwa maneno machache: mfanyabiashara mdogo, mstaafu. Hao ni watu waliowahi kuwa na duka la vifaa vya ujenzi, gereji, mgahawa, saluni au kampuni ya kupaka rangi nyumba. Wameiuza biashara au wamewaachia watoto, wamefikia umri wa kupata pensheni, na sasa wanaomba kura za majirani.

Ugombea wa aina hii haupati nafasi katika habari za kimataifa, ambazo kwa kawaida huishia kwa Rais na Bunge la Congress mjini Washington. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sheria zinazomgusa Mmarekani wa kawaida hutungwa katika mabunge hayo ya majimbo: shule za watoto wake, leseni ya biashara yake, adhabu za makosa ya jinai, barabara anazopita na kodi ya nyumba anayolala. Makala haya yanaeleza mstaafu wa namna hiyo anaingiaje katika kinyang'anyiro, anahitaji nini, analipwa nini akishinda, na kwa nini jambo hilo limezua mjadala wa muda mrefu kuhusu nani hasa ana uwezo wa kuwa mwakilishi wa wananchi.

Bunge la jimbo ni nini

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno jimbo linaweza kuleta mkanganyiko. Tanzania na Kenya tumezoea jimbo la uchaguzi, yaani eneo analotoka mbunge mmoja. Nchini Marekani jimbo ni sehemu ya muungano yenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Kwetu, chombo kinachokaribiana nalo kwa mamlaka ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1980. Mabunge ya kaunti 47 za Kenya, yaliyozaliwa na Katiba ya mwaka 2010, yanafanana nalo kwa ukaribu wake na wananchi, ingawa mamlaka yao ya kutunga sheria ni madogo zaidi.

Majimbo yako 50, na 49 kati yake yana bunge lenye vyumba viwili: Baraza la Wawakilishi, ambalo katika baadhi ya majimbo huitwa kwa jina jingine, na Baraza la Seneti. Nebraska peke yake ina chumba kimoja, utaratibu ulioanza kutumika mwaka 1937, chenye wajumbe 49 ambao hawachaguliwi kwa tiketi ya chama. Kwa jumla nchi hiyo ina wabunge wa majimbo zaidi ya 7,300.

Mabunge hayo hayafanani. California ina wawakilishi 80 katika chumba cha chini, na kwa sensa ya mwaka 2020 kila mmoja aliwakilisha watu wanaokaribia 500,000. Kazi yao ni ya mwaka mzima na mshahara wao unazidi dola 100,000. New York ilipandisha mshahara wa wabunge wake hadi dola 142,000 kwa mwaka kuanzia Januari 2023, kiwango ambacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote nchini humo. Texas, yenye wakazi wengi kuliko New York, hulipa dola 600 kwa mwezi, na bunge lake hukutana katika kikao cha kawaida kwa siku zisizozidi 140, mara moja kila miaka miwili. Nebraska hulipa dola 12,000 kwa mwaka.

Tofauti hizo ndizo zinazoamua ni mtu wa aina gani anaweza kugombea. Mahali ambapo mfanyabiashara mstaafu ana nafasi kubwa kuliko kwingine ni New Hampshire, jimbo dogo lililoko kaskazini mashariki mwa Marekani.

Wajumbe 400 kwa watu milioni 1.4

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 1,377,529 katika New Hampshire. Jimbo hilo lina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 400, kubwa kuliko baraza la jimbo lingine lolote nchini humo, pamoja na Seneti yenye wajumbe 24. Hesabu rahisi inaonyesha kuwa mwakilishi mmoja anasimama kwa niaba ya watu wapatao 3,400. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ile ya mitaa mingi ya majiji ya Dar es Salaam na Nairobi.

Vikao hufanyika Concord, makao makuu ya jimbo, katika jengo lililokamilika mwaka 1819. Ndilo jengo kongwe zaidi la bunge la jimbo nchini Marekani ambalo wabunge wake bado wanakutana katika kumbi zake za awali.

Masharti ya kugombea uwakilishi ni mepesi. Mgombea awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe ameishi katika jimbo kwa miaka miwili, na awe mkazi wa eneo analotaka kuliwakilisha. Kwa Seneti masharti ni magumu kidogo: umri usiopungua miaka 30 na ukazi wa miaka saba. Hakuna sharti la elimu wala la kazi.

Ada ya fomu ndiyo inayowashangaza wageni wengi. Anayewania uwakilishi kupitia chama hulipa dola mbili. Anayewania Seneti ya jimbo hulipa dola 10, na anayewania ugavana hulipa dola 100. Asiyetaka kupita katika chama anaruhusiwa kusimama kama mgombea binafsi, ilimradi akusanye saini za wapiga kura 150 wa eneo lake.

Fomu huchukuliwa mwanzoni mwa mwezi Juni wa mwaka wa uchaguzi. Hufuata kura za maoni, ambazo huko hupigwa na wapiga kura wenyewe katika vituo rasmi na si na wajumbe wa mkutano wa chama. Mwaka 2024 kura hizo zilipigwa Septemba 10, na uchaguzi mkuu ukafanyika Novemba 5. Muhula ni miaka miwili, hivyo aliyeshinda hana muda mrefu wa kupumzika kabla ya kurudi kuomba kura tena.

Kampeni ya nyumba kwa nyumba

Katika eneo lenye watu 3,400, kampeni haihitaji helikopta wala matangazo ya televisheni. Mgombea huchapisha vipeperushi, husimika mabango madogo kwenye viwanja vya wafuasi wake, huandika barua kwa gazeti la mji na hugonga milango. Huhudhuria chakula cha jioni cha kanisa, gwaride la Julai 4 na mkutano mkuu wa mji, ambao kwa desturi hufanyika mwezi Machi na ambamo wakazi wenyewe hupitisha bajeti ya mji wao.

Hapo ndipo mwenye duka anapowapita wengine. Mtu aliyesimama nyuma ya kaunta miaka 25 anajulikana kwa sura na kwa jina. Wateja wanakumbuka kama alikuwa akiwakopesha wakati wa shida, kama alirudisha chenji kamili, kama aliwaajiri vijana wao wakati wa likizo. Sifa hiyo hainunuliwi kwa fedha za kampeni, na pia haifutiki kwa urahisi ikiwa ilikuwa mbaya.

Faida hiyo hupungua kadiri eneo linavyokuwa kubwa. Baadhi ya maeneo ya New Hampshire huchagua wawakilishi kadhaa kwa pamoja. Mji wa Derry, kwa mfano, huchagua 10. Katika karatasi ya kura yenye majina mengi kiasi hicho, wapiga kura wengi hufuata chama na si mtu. Wimbi la kitaifa likivuma dhidi ya chama fulani, mwenye duka mwema huondoka na wenzake.

Takwimu za jimbo hilo zinathibitisha hali hiyo. Wademokrati walishika Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi wa mwaka 2018, Warepublican wakalichukua mwaka 2020 na kulibakiza mwaka 2022 kwa tofauti ya viti vichache mno. Mwaka 2024 walipanua wingi wao hadi viti 222 dhidi ya 178.

Dola 100 kwa mwaka

Mwakilishi au seneta wa New Hampshire hulipwa dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili, yaani dola 100 kwa mwaka. Spika na Rais wa Seneti hupata dola 250. Kiwango hicho kiliwekwa katika katiba ya jimbo mwaka 1889 na hakijabadilishwa hadi leo. Zaidi ya hapo, mjumbe hurudishiwa gharama za safari kwa kila maili anayoendesha. Hana ofisi yake binafsi, hana katibu wala msaidizi. Wapiga kura wake humpigia simu nyumbani.

Kazi yenyewe si ndogo. Kikao huanza Januari na kwa kawaida huendelea hadi Juni, kwa siku kadhaa za kila wiki zikijumuisha kamati. Kwa desturi ya bunge hilo, kila muswada lazima usikilizwe hadharani na ufikishwe mbele ya baraza zima upigiwe kura, hata ule ambao kamati imeukataa. Miswada huhesabiwa kwa mamia kila mwaka.

Ni nani anayeweza kuacha kazi siku za katikati ya wiki kwa nusu mwaka na kulipwa dola 100? Mwalimu hawezi, wala muuguzi wa zamu, wala mama mwenye watoto wadogo na kodi ya pango, isipokuwa mwajiri wake awe mwenye huruma ya pekee. Wanaobaki ni wenye mali, wenye wenza wanaolipwa vizuri, vijana wachache wasio na majukumu, na wastaafu. Ndiyo maana wastaafu ni sehemu kubwa ya wajumbe wa baraza hilo.

Mfanyabiashara mdogo mstaafu anafaa katika mfumo huo kwa sababu za kifedha zinazoeleweka. Katika miaka yake ya kazi, akiwa mtu aliyejiajiri, alichangia asilimia 15.3 ya kipato chake katika mifuko ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee, kwa kuwa yeye ni mwajiri na mwajiriwa kwa wakati mmoja. Anaweza kuanza kupokea pensheni ya hifadhi ya jamii akiwa na miaka 62, ingawa kwa waliozaliwa mwaka 1960 au baadaye pensheni kamili hupatikana wakiwa na miaka 67. Akifikisha miaka 65 huingia katika Medicare, bima ya afya ya wazee iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Bima hiyo pengine ndiyo muhimu zaidi. Nchini Marekani watu wengi hupata bima ya afya kupitia kwa mwajiri, na kuacha kazi kabla ya umri huo ni kujiweka katika hatari ambayo dola 100 haziwezi kuifidia.

Kodi ya nyumba na shule

Wastaafu hao wana hoja zao, na kubwa kati ya hizo ni kodi ya majengo na ardhi.

New Hampshire haina kodi ya jumla ya mauzo na haitozi kodi ya mishahara. Kodi iliyokuwa ikitozwa kwenye riba na gawio la hisa ilifutwa kuanzia Januari 1, 2025. Mapato ya jimbo hutegemea kodi za biashara, kodi ya asilimia 8.5 kwenye milo ya migahawa na vyumba vya hoteli, na vyanzo vingine. Mzigo mkubwa wa shule, polisi na barabara za miji huangukia kodi ya majengo.

Kwa mstaafu hesabu hii ni chungu. Thamani ya nyumba yake inapanda, kodi inapanda pamoja nayo, lakini pensheni yake haiendi kwa kasi hiyo. Anaweza kuwa na nyumba ya thamani kubwa na mfuko mtupu. Sheria inatoa nafuu kwa wenye miaka 65 na kuendelea ambao kipato na mali zao haviziditi viwango vilivyowekwa na mji, lakini wengi huvuka viwango hivyo kwa kiasi kidogo na kukosa.

Upande wa pili wa hesabu hiyo wako watoto wa shule. Mji wenye viwanda, maduka na nyumba za thamani hukusanya fedha nyingi kwa kiwango kidogo cha kodi. Mji maskini huwatoza watu wake kiwango kikubwa na bado hukosa. Mji wa Claremont na wilaya nyingine za shule zilizokuwa na uwezo mdogo ziliishitaki serikali ya jimbo. Desemba 1993 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kuwa serikali ina wajibu wa kikatiba wa kumpa kila mtoto elimu inayotosheleza, na Desemba 1997 ikaamua kwamba mfumo wa kuigharimia kwa kodi zinazotofautiana kutoka mji hadi mji ulikuwa kinyume cha katiba. Mgogoro haukwisha. Julai 2025 mahakama hiyo ilikubali tena kuwa kiwango cha msingi ambacho serikali hutoa kwa kila mwanafunzi hakitoshi.

Kwa hiyo mwenye duka mstaafu anayeingia Concord kwa ahadi ya kupunguza kodi hukutana mara moja na swali ambalo halikuwapo dukani. Fedha zisipotoka kwenye nyumba, zitoke wapi? Kodi ya faida ya biashara, ambayo kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 7.5, ndiyo ile ile aliyokuwa akiilalamikia alipokuwa na duka. Kodi ya mauzo ingewafukuza wateja wanaovuka mpaka kutoka Massachusetts kuja kununua bila kodi.

Tajiriba ya biashara humsaidia hapo, lakini kwa kiasi. Anajua kusoma mizania, anajua maana ya kulipa mishahara Ijumaa wakati wateja hawajalipa, na anazijua kanuni za leseni kwa sababu zilimsumbua. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kuwa mmoja kati ya 400. Dukani alitoa amri zikafuatwa. Bungeni anahitaji kura za wenzake 200.

Waliopanda kutoka hapo

Bunge la jimbo limekuwa pia ngazi kwa wenye biashara ndogo ambao hawakusubiri kustaafu. Jeb Bradley, aliyewahi kumiliki duka la vyakula asilia mjini Wolfeboro, aliingia Baraza la Wawakilishi la New Hampshire baada ya uchaguzi wa mwaka 1990, akafika Congress mwaka 2003, na baadaye akawa Rais wa Seneti ya jimbo. Jeanne Shaheen, ambaye naye aliwahi kuendesha biashara pamoja na mumewe, alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo mwaka 1990, gavana mwaka 1996 na seneta wa Marekani mwaka 2008.

Katika majimbo mengine, ngazi hiyo imetumiwa na watu wenye asili ya Afrika Mashariki. Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Utango karibu na Mombasa, alichaguliwa kuingia bunge la Minnesota mwaka 2016 kabla ya kwenda Congress. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti katika bunge hilo hilo. Katika jimbo la Maine, jirani wa New Hampshire, Deqa Dhalac mwenye asili ya Somalia alichaguliwa mwaka 2022.

Maine imejaribu njia tofauti ya kumsaidia asiye na fedha. Kwa sheria iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 1996, mgombea wa Baraza la Wawakilishi anayepata michango ya dola tano tano kutoka kwa wapiga kura wasiopungua 60 wa eneo lake hupewa fedha za umma za kampeni, ilimradi asipokee za watu binafsi.

Umri na kura moja

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini bunge linalotegemea wazee lina udhaifu wake, na janga la Uviko-19 liliufichua.

Desemba 2, 2020 wajumbe wa New Hampshire walikutana nje, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha New Hampshire mjini Durham, ili kuepuka maambukizi. Walimchagua Dick Hinch kuwa Spika. Wiki moja baadaye, Desemba 9, Hinch alifariki dunia kwa Uviko-19 akiwa na miaka 71. Januari 2021 wajumbe walifanya kikao wakiwa ndani ya magari yao katika eneo la maegesho la chuo hicho, na Sherman Packard akachaguliwa kushika nafasi ya Hinch.

Kiongozi wa Wademokrati, Renny Cushing, aliyekuwa akiugua saratani, na wenzake walifungua kesi wakitaka wajumbe wagonjwa na wenye ulemavu waruhusiwe kushiriki kwa njia ya mtandao. Machi 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa, kwa msingi kwamba Spika ana kinga ya kibunge katika kusimamia kanuni za baraza. Cushing alifariki dunia mwezi huo huo.

Jambo hilo lingeweza kuonekana dogo katika bunge lenye wingi mkubwa. Lakini uchaguzi wa Novemba 2022 uliwapa Warepublican viti 201 na Wademokrati 198. Kiti kimoja cha mji wa Rochester kilibaki wazi kwa kuwa Chuck Grassie na David Walker walipata kura 970 kila mmoja. Baraza liliamua uchaguzi urudiwe, na Februari 21, 2023 Grassie, Mdemokrati, akashinda. Kwa miaka miwili iliyofuata, miswada ilipita au kuanguka kutegemea ni nani amelazwa hospitali, nani ana miadi ya daktari na nani ameshindwa kuendesha gari kwenye theluji.

Hoja za pande mbili

Wanaoutetea mfumo huo husema mjumbe asiyelipwa hana sababu ya kung'ang'ania kiti. Anatunga sheria Jumatano na Alhamisi anaishi chini ya sheria hiyo hiyo, na mpiga kura anaweza kumsimamisha sokoni akamuuliza. Kwao, mwenye duka mstaafu ndiye mfano halisi wa mwananchi mtunga sheria.

Wanaoupinga husema mlango wa dola mbili uko wazi kwa wote lakini chumba cha dola 100 kinaweza kukaliwa na wachache. Mpangaji wa nyumba, mfanyakazi wa kiwandani na mzazi wa mtoto wa chekechea wanatungiwa sheria na watu ambao kwa sehemu kubwa wamekwisha kumaliza kulipa mikopo ya nyumba na kusomesha watoto. Huongeza kuwa mjumbe asiye na msaidizi wala mtafiti hulazimika kutegemea maelezo ya mawakala wa makampuni, ambao wao hulipwa kwa mwaka mzima.

Kwa wasomaji wa ukanda wetu, ambako mjadala juu ya mishahara na posho za wabunge haukauki magazetini, mfano wa New Hampshire una funzo la pande zote. Malipo makubwa yanaweza kuwavuta wanaotafuta fedha. Malipo madogo nayo hayamwondoi mwenye maslahi. Humwondoa asiyeweza kumudu kukaa bila mshahara. Mstaafu anayejaza fomu yake Juni na kulipa dola mbili hana kosa katika hilo. Swali linalobaki kwa wapiga kura wake ni nani alitamani kusimama kando yake katika karatasi ile ya kura, na hakuweza.